Wewe wa Nyuma, Usinipite

12 Februari

Kwako kaka yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja,

Shikamoo. Hiyo marahaba yako nimeshaipokea kabla hujaitamka, kwa hiyo kaa vizuri unisikilize. Mimi mzima, ila mguu unaniuma asubuhi kwa ajili ya baridi, ukishapata moto unaacha.

Nianzie kwa mama yetu. Mwambie ile shuka aliyonifungia siku naondoka ndiyo ninayojifunika juu ya blanketi zote, na lile goti asiache kulikanda. Wifi yangu fundi cherehani mwambie sketi aliyonishonea inanipwaya, si kosa la mkasi wake, ni mimi nimepungua. Binti yako Mwalimu msalimie pamoja na darasa lake la watoto sitini, na mdogo wake Msusi nisalimie na vidole vyake. Jirani fundi mabati naye msalimie, ingawa ngazi yangu bado iko kwake mwaka wa pili huu. Kama nimemsahau mtu, mwambie jina lake lilikuwepo likafutika na chai. Usinigombanishe.

Mpwa wako anakuamkia. Yuko hapa pembeni anakunja nguo.

Kaka, naandika barua kwa sababu simu ya hapo nyumbani imekuwa redio. Mnaweka sauti ya nje, mama anasikia, jirani anasikia, na kila mtu ana ushauri. Hili nataka ulipate wewe kwanza.

Kazi ya mpwa wako unaijua. Ni nesi wa kuzunguka. Hakai hospitali, anawafuata wazee ambao hawawezi kutoka kitandani. Huyu anamfunga kidonda, yule anamchoma sindano ya sukari, mwingine anambadilisha mpira wa mkojo. Nyumba tisa kwa siku, na basi haziendi huko. Bila gari kazi hiyo haipo. Sasa daktari amemkataza kushika usukani mwaka mzima. Kwa nini, usiniulize. Anakula, anacheka, anatembea, ila usukani hapana. Ofisi yao imemweka mezani apange mafaili na wakamwambia wazi: mwisho ni tarehe 30 mwezi wa tisa. Asipopata mtu wa kumwendesha mpaka hapo, nafasi yake anapewa mwingine. Na kibali chake cha kuishi huku kimesimama juu ya kazi ile, na changu kimesimama juu ya chake. Kikianguka kimoja tunarudi wote.

Gari tunalo, limesimama nje linaota ukungu kwenye vioo. Ofisi inakubali aendeshwe na mtu wa familia, mradi awe na leseni. Familia yake huku ni mimi.

Basi usicheke. Mimi mwenye miaka hamsini na miwili, niliyeishia darasa la nne, ambaye mashine pekee niliyowahi kuendesha ni cherehani ya wifi na ikanichoma kidole, nimejiandikisha kujifunza gari. Mwalimu wangu ni mtu mpole, anamung'unya pipi ya mnanaa na kuniambia "taratibu, mama" hata tukiwa tumesimama.

Wewe umeendesha malori miaka thelathini na moja. Nani mwingine nimuulize? Niambie la kufanya.

Mdogo wako anayetetemeka,
Mama Nesi

*

21 Machi

Kwako mdogo wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Barua yako ilikaa njiani wiki nne, nadhani na yenyewe ilikuwa inajifunza kuendesha. Sisi wazima. Mama anakanda goti huku anamsema daktari. Wifi yako yupo, mguu kwenye cherehani, mdomo kwangu. Mwalimu na Msusi wanakuamkia. Ngazi yako imerudi, imepungua kipago kimoja, jirani anasema ilikuja kwake hivyo hivyo.

Sikufichi, nilicheka. Nilicheka mpaka mama akauliza nani amekufa. Halafu nikasema moyoni, huyu ndiye aliyepanda juu ya paa akiwa na mimba ya miezi minane kuziba bati kwa sababu wanaume tulikuwa tunabishana. Ataweza.

Sasa sikiliza. Gari halipigwi ubavuni kama punda. Klachi iachie kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia, ukiharakisha anaamka. Kioo kitazame kila unapohesabu mpaka saba. Breki kanyaga mapema, jina langu la Breki sikupewa na mama.

Lakini kubwa kuliko yote, barabara ina lugha yake, na vitabu havina. Ukiwa mbele na mtu yuko nyuma yako anataka kupita, wewe ndiye jicho lake. Ukiona lori linakuja, muwashie indiketa ya upande wa katikati ya njia. Maana yake: wewe wa nyuma, usinipite, kuna kitu. Njia ikiwa nyeupe, muwashie ya upande wa pembeni: pita, ndugu yangu, salama. Na gari likikuharibikia, kata matawi uyatandaze nyuma hatua thelathini, wajue kuna mgonjwa mbele. Watu niliowaokoa kwa kidole kimoja siwezi kuwahesabu. Huo ndio utu wa barabarani.

Safari zangu zinaendelea kama kawaida. Wiki hii nimepumzika kidogo, lori liko gereji.

Mpwa wangu ana nini? Unasema nisiulize. Nimeuliza.

Kaka yako,
Breki

*

10 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Naomba mama awe mzima, wifi na wanao wawe wazima. Asante kwa mafunzo yako, nimeyasoma mpaka karatasi imelainika kwenye mikunjo. Na hongera kwa mwandiko. Zamani ulikuwa unaandika kama kuku aliyefukuzwa, sasa mistari imenyooka. Uzee umekutuliza.

Nianze na zuri. Mtihani wa maswali nimefaulu, mara ya pili. Mpwa wako alibandika picha za alama za barabarani kwenye milango ya makabati jikoni. Maneno ya huku marefu mno kwangu, nikazipa majina yangu: Mbuzi Mrukaji, Mkanda wa Mzee, Mlango wa Jirani Umefungwa. Nikitaka chumvi nafungua Simama Kabisa. Nikitaka sukari, Njia Inateleza. Siku ya kwanza nilikosea maswali tisa nikaambiwa rudi. Ya pili nilikosea mawili. Binti alinipikia yeye siku hiyo, na hapiki.

Sasa baya.

Mtihani wa barabarani ulikuwa jana. Mtahini ni mama mmoja ameining'iniza miwani yake kwa kamba shingoni, ubao wa karatasi mapajani, haongei. Mjini nilikwenda vizuri. Nilisimama panapotakiwa, mzunguko nikauzunguka, hata kurudi nyuma kati ya magari mawili nikaingia kama mkate kwenye tanuri. Kisha akasema tutoke nje ya mji. Huko mwalimu wangu alikuwa hajanipeleka sana. Barabara ndefu ina kona. Nyuma yangu kigari chekundu kimenikaribia, kinanusa mkia. Mbele naona lori linachomoza konani.

Kaka, mkono haukuniuliza. Niliwasha ile ya katikati. Wewe wa nyuma, usinipite, kuna kitu.

Kumbe huku hiyo lugha hawaijui. Yule wa nyuma akadhani nakata kuelekea upande ule. Akanipita upande wa pili, magurudumu kwenye nyasi, honi tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtahini akakanyaga breki ya kwake. Tukasimama. Akaniuliza:

"Mama, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nilikuwa namwambia asinipite."

"Nani alikuambia umwambie?"

"Kaka yangu."

Akaivaa miwani, akaandika kwa muda mrefu. Nimeanguka. Mwalimu wangu alipoambiwa alimeza pipi nzima. Akasema, "Mama, huku taa ile ina neno moja tu: nakata kona. Haina neno lingine."

Binti hakunigombeza. Alisema, "Umejaribu, mama," akaenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Nafasi nyingine ya mtihani ni tarehe 17 Septemba, foleni ni ndefu. Hiyo ndiyo ya mwisho kabla ya siku ya ofisi. Nikianguka tena, imekwisha.

Sikulaumu, kaka. Nakuambia tu lilivyotokea.

Mdogo wako

*

8 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisikia barua yako. Nimeisikia mara tatu.

Mama anakusalimu, goti afadhali. Mwalimu amehamishiwa darasa jingine, la watoto sabini. Msusi amepata mchumba, kijana wa vigae, mikono yake mizuri lakini anakula sana.

Mara ya kwanza nilikasirika. Nikasema huyo mwenye kigari chekundu ndiye aanguke mtihani. Mtu anaambiwa kuna hatari mbele naye anaifuata. Mara ya pili nikamtetea mtahini. Mara ya tatu nikaona kwamba aliyekuangusha ni mimi. Nimekutumia ufunguo wa nyumba yangu ukafungulie nyumba ya watu.

Sahau yote niliyokuambia. Mfuate huyo mwalimu wako wa pipi. Mimi sina la kukufundisha.

Kazi yangu nzuri, lori langu zuri.

Kaka yako

*Wifi yangu, kuanzia hapa ni mimi. Yeye ameshainuka, amekwenda uani huku anapapasa ukuta. Mwandiko uliousifu ni wangu, tangu barua ya mwezi wa tatu. Kaka yako haoni. Mwezi wa kumi na moja alirudisha lori likakwaruza geti la tajiri upande mzima, akasema geti limesogezwa. Tajiri alimpa kiti, akampa chai, halafu akachukua funguo polepole kama anampokea mtoto. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Daktari anasema ni kazi ya nusu saa, wengi wanaona tena. Yeye hataki. Anasema leo haoni kwa sababu ya ukungu, lakini wakiutoa ukungu na asione, basi ndiyo kipofu. Kila asubuhi anavaa koti lake la safari anakaa mlangoni, akisikia lori barabarani anatuambia limebeba nini. Na huwa anapatia.*

*Alikataza usiambiwe. Usimwambie kama nimekuambia. Na wewe kuhusu mpwa wetu, ujue kwamba lolote utakaloliandika nitalisoma mimi kwanza. Nisamehe.*

*

2 Agosti

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mpelekee mama, mwambie hiyo ya pili ina uzito. Mchumba wa Msusi mwacheni ale, anayekula sana kwa watu ni yule aliyestarehe. Mwalimu apewe pole kwa sabini.

Wifi, hapa simama kidogo. Mwambie unatafuta miwani. Nimesoma maneno yako nimekaa nayo juu ya kitanda siku nzima, nguo za kufua zikanisubiri kwenye beseni. Ahsante kwa kuniambia. Ahsante kwa kumwandikia mume wako maneno ambayo najua ulitamani kuyarekebisha na hukurekebisha. Nami nimemsifu kwa mwandiko wako, aibu yangu. Sasa haya yanayofuata msomee neno kwa neno, usiruke, hata ukiona yanauma.

Kaka, uliniuliza mpwa wako ana nini. Nakujibu leo.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, asubuhi, tuko jikoni. Ameshika kikombe, ananiambia habari ya mzee mmoja anayemficha paka chini ya blanketi ili nesi asimwone. Katikati ya neno akanyamaza. Kikombe kikaanguka, naye akafuata. Mwili ukakakamaa, ukaanza kurushwa. Nilimshika kichwa nikakiweka mapajani pangu, nikawa namwita kwa jina nililomwita akiwa mchanga. Dakika mbili, wakaniambia baadaye. Mimi naona nilikaa pale mwaka. Hospitali wakasema ni kifafa. Neno hili kwetu linasemwa kwa kunong'ona, na mimi nimelinong'ona hata kwa moyo wangu. Anakunywa dawa kila siku na tangu hapo hakijarudi. Kikikaa mwaka bila kurudi, ataendesha tena.

Lakini si hilo ninalotaka ulijue. Tuliporudi kutoka hospitali, kabla hajavua koti, alitoa funguo za gari kwenye mkoba akanitia mkononi. Akasema, "Mama, ziweke. Nisije nikaua mtoto wa mtu." Gari analipenda. Alilinunua mwenyewe, akalipa jina. Hakuna aliyemnyang'anya. Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Na mimi miezi yote hii nimemficha kana kwamba ameiba. Nakuambia wewe kwa sababu wewe ni dereva, unajua mtu anapotoa funguo anatoa nini.

Halafu usinisemeshe habari ya huna la kunifundisha. Mkono wangu bado unataka kuiwasha ile taa. Jana tena, mwalimu akaudaka hewani. Yeye ananiambia "acha, mama". Sawa, niache, lakini haniambii nikiacha huo mkono niuweke wapi. Mtu akiwa nyuma yangu na hatari iko mbele, siwezi kukaa kimya, kaka, tumelelewa vibaya. Nifundishe kunyamaza. Zimebaki wiki sita.

Mdogo wako

*

29 Agosti

Mdogo wangu, mama wa nesi wetu,

Marahaba. Kabla ya salamu, nikuambie. Wifi yako alisoma mistari mitatu, akakohoa, akasema anatafuta miwani. Nina miaka ishirini na saba na mwanamke huyu na sijawahi kumjua na miwani. Nikamwambia, rudi, kaa, soma na hayo unayotafutia miwani. Akabisha. Mama kutoka chumbani akasema, "Msomee, mmechosha." Akasoma.

Basi najua kwamba unajua. Nilikasirika mpaka chakula cha jioni. Kilikuwa kitamu nikashindwa kuendelea.

Mama mzima, wote wazima. Mchumba wa Msusi ametupigia vigae vya bafuni bure, kwa hiyo sasa ale tu.

Mwambie mpwa wangu hivi, na umwambie kwa sauti kubwa, hakuna cha kunong'ona. Mjomba wake aliendesha na ukungu machoni miezi minne. Nilikuwa nafuata taa nyekundu za wa mbele, nikimuomba Mungu asisimame ghafla. Mpaka geti likanisimamisha, na namshukuru Mungu kwamba lilikuwa geti. Mimi nilinyang'anywa funguo, yeye alizitoa. Ananizidi cheo. Nikikutana naye nitamwamkia mimi.

Sasa darasa. Nimelifikiria wiki nzima hapa mlangoni. Mkono huwezi kuunyamazisha, mkono ni mnyama. Utulize kwa kuupa mdomo kazi yake. Mimi nikiwa peke yangu njiani nilikuwa naongea na lori, utingo wangu alinicheka, lakini nilifika. Ukiona kitu, kiseme. Sema: natazama kioo. Sema: mbele kuna mtoto na mpira, napunguza. Na akija wa nyuma, lori linachomoza, mwambie kwa mdomo: wewe wa nyuma, usinipite. Hatakusikia. Si kazi yako asikie, ana macho yake. Lakini utakuwa umemwambia, moyo utatulia, na mkono utabaki kwenye usukani. Fanya mazoezi jikoni. Ukikata kitunguu, sema nakata kitunguu.

Mtahini akikuuliza unaongea na nani, mwambie ukweli.

La mwisho. Nimeandikishwa kupasuliwa jicho moja, la kulia, tarehe 2 Oktoba. Sijasema kwamba siogopi.

Breki

*

24 Septemba

Kwako kaka yangu, mwalimu wangu,

Shikamoo ya miguu yote miwili. Mama yetu, wifi yangu, Mwalimu, Msusi na mla-vigae wake, nyote nawasalimu kwa pamoja, leo sina pumzi ya mmoja mmoja. Mnisamehe, safari nyingine nitawalipa salamu zenu.

Barua yako ilifika siku tatu kabla ya mtihani. Siku tatu hizo nimeongea kuliko miaka miwili yote niliyokaa huku. Namenya kiazi, naweka sufuria, nafungua Njia Inateleza natoa sukari. Binti alisimama mlangoni akasema, "Mama, sasa tunao wagonjwa wawili." Tukacheka mpaka tukakaa chini. Na ujumbe wako nilimpa, kwa sauti kubwa kama ulivyoagiza.  Alikwenda akaichukua barua yako, yuko nayo.

Mtahini alikuwa yule yule. Akanitazama, akatazama karatasi zake, akafunga mkanda akaukaza mara ya pili. Nikaanza. Natazama kioo. Naachia klachi, mtoto kasinzia. Mbele mama na kikapu, hajaniona, nampa nafasi. Naongea lugha yetu, maana ya kwao ingenichelewesha. Tulipotoka mjini, barabara ile ile, kona zile zile, na Mungu ana mizaha yake, nyuma likaja gari. Si jekundu, la kijivu. Likanusa mkia. Mbele likachomoza basi.

Niliusikia mkono ukianza kuinuka. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto kutoka nyumba ya tatu: wewe wa nyuma, usinipite, kuna basi. Mkono ukatulia. Basi likapita. La kijivu likasubiri, njia ilipokuwa nyeupe likanipita, nikaliambia nenda salama.

Mtahini akauliza, "Unasema na nani?"

"Na yule wa nyuma."

"Anakusikia?"

"Hapana. Lakini nimemwambia."

Akatazama nje dirishani. Nadhani alikuwa anacheka, ila kwa upande ule sikuona. Akasema, "Endelea, mama. Endelea kuongea."

Kaka, nimefaulu. Leseni ninayo, ina picha yangu nimekodoa macho kama nimeulizwa swali. Ofisi imeiona juzi, wakatoa nakala, wakampa binti orodha ya nyumba zake tisa kama ilivyokuwa. Siku nane kabla ya mwisho. Nawashukuru wote. Namshukuru mtu wa pipi, namshukuru mtahini kwa kuniangusha mara ya kwanza, bora alivyoniangusha yeye kuliko lile lori. Nakushukuru wewe, hata kwa lile somo bovu, kwa sababu nilijua umenipa ulichokuwa nacho.

Jana ilikuwa siku ya kwanza ya kazi. Yeye anashuka na begi lake la dawa, mimi nakaa garini na kusubiri, napangusa vioo. Kila tulipotoka tangu nipate leseni, alikuwa akikaa pembeni yangu anashikilia kile kishikio cha juu, na mguu wake unakanyaga breki ambayo haipo. Hajui kama nilikuwa nauona ule mguu. Jana baada ya nyumba ya sita nikawa naendelea kuongea kama kawaida yangu, nakata kona, napunguza, huyu baiskeli anayumba. Nikamuuliza kama nyumba ya saba ni ile yenye ukuta wa kijani. Kimya. Nikageuka kidogo sana, si sekunde nzima. Amelala. Kichwa kwenye kioo, mdomo wazi, mikono mapajani. Nesi aliyejiendesha mwenyewe miaka sita, amelala kwenye gari ninaloliendesha mimi. Nilifika kwenye ukuta wa kijani nikakaa dakika tatu sijazima injini ili asishtuke. Niliacha kuongea. Ndiyo mara ya kwanza niliweza.

Barua hii ikifika utakuwa umeshatoka hospitali, jicho limefungwa au limefunguliwa, sijui. Wifi, ahsante kwa yote, sasa mpe kalamu wewe ukae pembeni, usimshike mkono. Kaka, andika mwenyewe. Neno moja linatosha, hata kama litapanda na kushuka kama njia ya milimani, hata kama litatoka nje ya karatasi. Nitalisoma. Lipeleke posta siku hiyo hiyo, usingoje jicho la pili. Mimi hapa ninatazama sanduku la barua mara nne kwa siku.

Ni mimi mdogo wako,
dereva